Kuwajibika na Kutoa Hesabu: Safari ya Neno Moja

Mwezi Februari 2024 Tanzania iliwapoteza viongozi wawili ambao majina yao yameshikamana na neno moja. Edward Lowassa alifariki tarehe 10, na Mzee Ali Hassan Mwinyi akamfuata tarehe 29. Katika siku zile za maombolezo neno hilo, "kuwajibika", halikukauka midomoni mwa watu. Mzee Mwinyi alisifiwa kwamba aliwajibika mwaka 1977. Lowassa alikumbukwa kwamba aliwajibika mwaka 2008, ingawa hapo wasemaji hawakukubaliana kama alistahili sifa, pole au lawama. Kilichonigutusha mimi ni kwamba pande zote zilikubaliana juu ya maana ya neno lenyewe, tena bila kulitilia shaka hata kidogo: kuwajibika ni kujiuzulu.

Wiki chache baadaye niliwapa wanafunzi wangu wa mwaka wa pili zoezi dogo. Niliwaomba watafsiri neno la Kiingereza accountability kwa Kiswahili. Wote waliandika "uwajibikaji". Nikakusanya karatasi, kisha nikawaomba wafanye kinyume chake, yaani watafsiri "uwajibikaji" kwa Kiingereza. Hapo njia zikaachana. Wengine waliandika responsibility, wengine accountability, mmoja aliandika duty, na mwingine, kijana mkimya wa safu ya nyuma, aliandika resignation. Darasa lilicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu kijana yule alikuwa ameandika kwa uaminifu kile anachokisikia kila siku kwenye taarifa ya habari.

Ndugu msomaji, naomba tulifuate neno hili la Kiingereza hadi lilikozaliwa, kisha turudi nalo nyumbani tuone ni mzigo gani liliudondosha njiani.

Ndani ya accountability mmekaa account, yaani hesabu, na asili yake ya mbali ni kitenzi cha Kilatini cha kuhesabu kilichopitia Kifaransa. Halikuanza kama neno la falsafa wala la maadili. Lilianza mezani. Katika karne ya 12 wafalme wa Uingereza walikuwa na ofisa katika kila jimbo, aitwaye sherifu, aliyewakusanyia kodi na mapato ya mashamba ya kifalme. Mara mbili kwa mwaka, wakati wa Pasaka na tena mwishoni mwa Septemba, sherifu aliitwa mbele ya meza kubwa ya Hazina. Juu ya meza palitandikwa kitambaa cheusi chenye mistari iliyokatizana mfano wa ubao wa sataranji, na kutokana na kitambaa hicho Hazina ya Uingereza ikapata jina lake, Exchequer, ambalo iko nalo hadi leo. Upande mmoja walikaa maofisa wa mfalme, upande wa pili alikaa sherifu. Vihesabio vilipangwa kwenye miraba: hiki ndicho ulichopaswa kuleta, hiki ndicho ulicholeta. Kila mtu aliyekuwapo aliweza kuona kwa macho yake pengo lilipo. Richard FitzNigel, aliyekuwa mweka hazina wa mfalme, aliuandikia utaratibu huo kitabu kizima katika miaka ya 1170, kwa mtindo wa mwalimu na mwanafunzi wanaojibizana.

Stakabadhi zao zilikuwa vijiti. Kijiti kilichanjwa chale kulingana na kiasi cha fedha: pauni 1,000 zilikatwa kwa unene wa kiganja, pauni 100 kwa unene wa dole gumba, pauni 20 kwa unene wa kidole cha mwisho, na pauni moja kwa unene wa punje ya shayiri iliyokomaa. Kisha kijiti kilipasuliwa katikati kwa urefu, nusu akachukua mlipaji na nusu ikabaki Hazina. Siku ya hesabu nusu mbili ziliunganishwa. Aliyeongeza chale upande wake alijiumbua mwenyewe, kwa kuwa upande wa pili haukuwa nayo. Vijiti hivi vilitumika hadi mwaka 1826. Miaka minane baadaye, tarehe 16 Oktoba 1834, maofisa waliamua kuchoma shehena yake katika majiko ya chini ya Bunge, moto ukawashinda, na jumba la Bunge la Uingereza likateketea. Nchi iliyotufundisha utunzaji wa kumbukumbu ilichoma Bunge lake kwa stakabadhi zake yenyewe. Naomba radhi kwa kuchepuka, lakini kisa hiki sijapata kukisimulia darasani nikakosa wasikilizaji.

Jambo la kuzingatia ni kwamba hesabu ile ilikuwa ya kusikilizwa. Ilisemwa kwa sauti, maswali yakaulizwa kwa sauti, majibu yakatolewa palepale. Ndiyo maana Kiingereza humwita mkaguzi wa hesabu auditor, neno lililotokana na kitenzi cha Kilatini cha kusikia. Sisi tumemwita mkaguzi, mtu wa macho. Wao walimwita msikilizaji.

Kwa hiyo neno lilipozaliwa lilikuwa na nguzo tatu ambazo huwezi kuiondoa mojawapo likabaki limesimama. Yupo mwenye mali. Yupo aliyekabidhiwa mali ile. Na upo muda maalumu ambapo wa pili husimama mbele ya wa kwanza akaeleza. Adhabu ilikuwapo, naam, lakini ilikuja baada ya maelezo, na haikuwa mbadala wake. Sherifu hakuweza kufika mezani akasema, "Mfalme wangu, naachia ngazi," kisha akatoka bila kuguswa kihesabio hata kimoja.

Safari ndefu ya kisiasa ya neno hili ilikuwa ni kugeuza mwelekeo wake. Mwanzoni wadogo walitoa hesabu kwa mkubwa. Mwaka 1376, katika Bunge ambalo Waingereza walilipa jina la Bunge Jema, wajumbe wakiongozwa na Peter de la Mare walikataa kupitisha kodi mpya kabla ya kuelezwa fedha za awali zilikwenda wapi, na wakawashtaki watu wa karibu wa mfalme. Wafalme hawakuipenda tabia hiyo. Charles I aliamini kwamba yeye hutoa hesabu kwa Mungu peke yake, na mwaka 1649 alikatwa kichwa na watu wenye maoni tofauti. Karne ya 19 ikaleta utaratibu usiohitaji shoka: Kamati ya Bunge ya Hesabu za Serikali ikaundwa mwaka 1861, na sheria ya ukaguzi ikafuata mwaka 1866, zote mbili chini ya Gladstone akiwa waziri wa fedha. Mfumo huo ndio tuliourithi. Hata jina la kamati yetu pale Dodoma limelibakiza neno lile la kale: Hesabu.

Sasa turudi nyumbani.

"Wajibu" tumelipokea kutoka Kiarabu, na kila aliyepita madrasa analijua kwanza kama istilahi ya sheria za dini: jambo la lazima, ambalo mtu akiliacha anapata dhambi. Ni neno zito na zuri. Lakini tazama lilivyokaa. Wajibu ni uhusiano kati ya mtu na tendo lake. Baba ana wajibu wa kulea, mwalimu ana wajibu wa kufundisha. Hakuna ndani yake mtu wa pili anayeuliza, na hakuna siku ya kuulizwa. Naweza kutimiza wajibu wangu usiku, peke yangu, nimefunga mlango. Kutoa hesabu nimefunga mlango siwezi, maana hesabu inamhitaji msikilizaji.

Hesabu nayo tulikuwa nayo tangu zamani. Nahodha akirudi na chombo, mwenye chombo hutaka hesabu ya safari. Waislamu huisubiri siku ya hisabu. Wakristo wanakifahamu kisa cha wakili aliyeitwa na tajiri wake atoe hesabu ya uwakili wake. Ukipita leo mtaani kwetu Jumapili jioni utamkuta mweka hazina wa kikundi cha kufa na kuzikana amesimama na daftari, akisoma: tulikuwa na kiasi hiki, tumenunua sanda na kukodi maturubai kwa kiasi hiki, kimebaki hiki. Akinyamaza kidogo, mama mmoja atauliza, "Na hela ya gari?" Hakuna mtu katika kikao kile anayemtaka mweka hazina ajiuzulu. Wanataka kujua hela ya gari.

Hata vijijini watu hawasemi wanataka uwajibikaji, neno hilo wanawaachia wageni wa semina. Wanasema, "Hatujasomewa mapato na matumizi." Utaratibu wa serikali za mitaa unataka mkutano mkuu wa kijiji ufanyike kila miezi mitatu, na wananchi hulalamika, aghalabu kwa haki, kwamba miezi sita imepita, au mwaka, na hawajasomewa. Tazama kitenzi walichokichagua: kusomewa. Mwanakijiji aliyekaa chini ya mwembe akisikiliza mapato na matumizi yuko karibu zaidi na maana asilia ya neno auditor kuliko wengi wetu tuliolisoma vyuoni.

Ni kwa nini basi, tulipolihitaji neno la siasa, tuliliruka "hesabu" tukachukua "wajibu"? Nionavyo mimi, sababu mojawapo ni wakati. Taifa changa la baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilimzungumzia kiongozi kwa lugha ya miiko na maadili. Kiongozi alitakiwa awe mtu wa namna fulani, na haikutiliwa mkazo kwamba ajibu maswali ya namna fulani. Katika lugha hiyo "wajibu" lilikuwa nyumbani kabisa. Mwishoni mwa miaka ya 1980 Benki ya Dunia na wafadhili walipoanza kuhubiri utawala bora, accountability ikaja imefungwa kwenye masharti ya mikopo na ikahitaji jina haraka. "Uwajibikaji" lilikuwa karibu. Nadhani hakuna aliyekaa kikao kulichagua.

Lakini kabla ya hapo tukio moja lilikuwa limekwisha kulipa neno hili sura yake. Mwaka 1976, katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga, vyombo vya dola vilifanya msako wa watu walioshukiwa kwa mauaji, mengi yakihusishwa na imani za ushirikina. Baadhi ya washukiwa waliteswa wakiwa mikononi mwa vyombo hivyo, na wapo waliokufa. Mwanzoni mwa 1977 Mzee Mwinyi, akiwa Waziri wa Mambo ya Ndani, alijiuzulu. Hakuwa amemtesa mtu. Alijiuzulu kwa kuwa waliotesa walikuwa chini ya wizara yake, na kwa hilo ninamheshimu. Akateuliwa balozi nchini Misri, mwaka 1984 akawa Rais wa Zanzibar, na mwaka 1985 Rais wa Jamhuri ya Muungano.

Kisa hiki tunakisimulia kama hekaya ya mtu mwema aliyeinama na Mungu akamwinua. Ninachowauliza wanafunzi wangu ni hiki: waliokufa walikuwa akina nani? Hakuna anayeweza kutaja hata jina moja. Wengi hawajui kwamba kuna watu waliokufa, wanajua tu kwamba waziri alijiuzulu. Wala hawajui kwamba baadhi ya maofisa walifikishwa mahakamani na kutiwa hatiani, sehemu ambayo kwa maoni yangu ndiyo iliyokuwa kutoa hesabu hasa, kwa sababu ndiko maswali yalikoulizwa na majibu yakaandikwa. Kumbukumbu ya taifa imeihifadhi barua ya waziri na kuitupa kesi.

Tukio la 2008 lilijengwa juu ya kumbukumbu hiyo yenye pengo. Kamati Teule ya Bunge chini ya Dkt. Harrison Mwakyembe ilichunguza mkataba wa umeme wa dharura wa megawati 100 uliopewa kampuni ya Richmond mwaka 2006, ikawasilisha taarifa yake Februari 6, na siku iliyofuata Waziri Mkuu akatangaza kujiuzulu, pamoja na mawaziri Nazir Karamagi na Ibrahim Msabaha. Ndani ya ukumbi ule ule Lowassa alilalamika kwamba Kamati haikumwita kumhoji. Malalamiko hayo yalipita kama utetezi wa mtu aliyebanwa. Leo, nikiyasoma kwa jicho la historia ya neno letu, naona ndiyo yaliyokuwa na uzito kuliko yote yaliyosemwa siku ile. Sisemi kwamba alikuwa na hatia, wala kwamba hakuwa nayo. Nasema mmoja wa viongozi wa juu kabisa katika serikali aliondoka kwenye kiti kabla ya kuulizwa mbele yetu, tukapiga makofi, na tukaita jambo hilo uwajibikaji. Mwaka 2015 aligombea urais, na taifa likajikuta linabishana upya juu ya Richmond kana kwamba halijapata kusikia habari zake. Tungejuaje? Hatukusomewa.

Sakata la akaunti ya Tegeta Escrow, mwishoni mwa 2014, lilifuata njia ile ile, ingawa safari hii Kamati ya Hesabu za Serikali ilifanya kazi ya kutukuka juu ya fedha zinazozidi shilingi bilioni 300. Mwanasheria Mkuu Frederick Werema alijiuzulu Desemba, akieleza kwamba ushauri wake haukueleweka. Profesa Anna Tibaijuka aliondolewa na Rais. Profesa Sospeter Muhongo alijiuzulu Januari 2015, na kabla mwaka haujaisha, chini ya Rais mpya, akarudishwa katika wizara ile ile. Labda alistahili kurudi. Ugumu ni kwamba mwananchi hakuwa na kipimo cha kujua kama alistahili, kwa kuwa kuondoka kwake hakukuambatana na hesabu, na kurudi kwake vilevile.

Kutoka hapo neno likazidi kusinyaa. "Kuwajibisha" sasa ni kufukuza. Mkubwa akisema, "Nitawawajibisha," kila mtumishi huanza kutafuta sanduku la kuwekea vitu vyake. Enzi za kutumbua majipu tulishuhudia mkurugenzi akipoteza kazi jukwaani, kipaza sauti kikiwa bado mkononi mwa aliyemteua, umati ukishangilia. Nilikuwa miongoni mwa walioguswa na ari ile, na kwa kweli uzembe ulikuwa umetuchosha. Lakini jipu likishatumbuliwa hakuna anayeliuliza lilitokana na nini. Mkurugenzi mpya akaletwa, akakuta daftari lile lile.

Isidhaniwe kwamba ninawatukuza Waingereza. Wao wana hila yao, na ni ya kinyume na yetu. Mwaka 1954 waziri wao wa kilimo, Sir Thomas Dugdale, alijiuzulu kwa makosa ya maofisa wake katika suala la ardhi ya Crichel Down, na uchunguzi wa hadharani ulikuwa umekwisha kufanyika. Wakamfanya mfano, kama sisi tulivyomfanya Mzee Mwinyi. Lakini Januari 1995 wafungwa watatu walipotoroka katika gereza la Parkhurst, Waziri wa Mambo ya Ndani, Michael Howard, alishikilia kwamba yeye anahusika na sera, na uendeshaji ni wa mkuu wa magereza, Derek Lewis. Oktoba mwaka ule Lewis akafukuzwa, waziri akabaki. Katika miaka hiyo wakuu wa serikali yao walikuwa wakitenganisha kwa ufundi accountability na responsibility: waziri hulieleza Bunge kilichotokea, lakini si lazima abebe lawama. Yaani kule mkubwa hueleza ili asiondoke. Huku kwetu huondoka ili asieleze. Sijui ni lipi baya zaidi, ila najua kwamba yule wa kwanza angalau ameacha maneno yake kwenye kumbukumbu za Bunge, na maneno huweza kupimwa baadaye na wanahistoria wadadisi.

Kiswahili hakikukosa neno. Lipo, limelala katika nyaraka za Hazina. Katibu Mkuu wa wizara na mkurugenzi wa halmashauri, kwa upande wa fedha za umma, huitwa Afisa Masuuli. Nimekutana na watumishi waliolitumia neno hilo miaka mingi wakidhani ni cheo tu. Masuuli ni Kiarabu, na asili yake ni moja na "suala" na "swali": masuuli ni yule anayeulizwa. Katika mafundisho ya Kiislamu ndilo neno linalotumika pale inaposemwa kwamba kila mtu ni mchungaji na ataulizwa juu ya kundi lake. Aliyelichagua kwa ajili ya sheria zetu za fedha, ambaye jina lake halikuandikwa popote nilipotazama, alijua alichokuwa akifanya. Hakusema afisa mwenye wajibu. Alisema afisa wa kuulizwa. Kisha tukaliweka neno hilo kabatini, likawahusu makatibu na wakurugenzi, na wanasiasa waliowateua tukawapa neno jepesi zaidi.

Katika Katiba ya mwaka 1977, Ibara ya 8(1)(c), imeandikwa kwamba Serikali itawajibika kwa wananchi. Niliwapa wanafunzi sentensi hiyo wiki iliyofuata. Tukajaribu kuweka "itajiuzulu", ikawa kichekesho. Tukaweka "itatimiza wajibu wake", ikawa ahadi ya hisani. Tukaweka "itaulizwa na wananchi", darasa likanyamaza. Kijana yule wa safu ya nyuma akanyosha mkono na kuuliza, ikiwa Serikali haikukubali kuulizwa, mwananchi aende wapi. Nikamwambia afungue ukurasa wa nyuma kidogo, asome Ibara ya 7(2) kwa sauti. Akasoma, polepole, kwamba masharti ya sehemu hiyo ya Katiba, ambayo ndani yake imo Ibara ya 8 yote, hayawezi kutiliwa nguvu ya kisheria na mahakama yoyote.